Je, Wajua? Mwamba wa Mizinga Uliojaa Mifupa ya Kale

Je, wajua kwamba fuvu la kwanza la Mneandertali mtu mzima halikutoka katika bonde la Neander, Ujerumani? Lilitoka Gibraltar, katika machimbo ya mawe yaliyoitwa Forbes' Quarry, chini ya uso wa kaskazini wa mwamba ule mkubwa uliosimama mlangoni mwa Bahari ya Mediterania. Tarehe 3 Machi 1848 Kapteni Edmund Flint, ofisa wa jeshi la Uingereza na katibu wa Chama cha Sayansi cha Gibraltar, aliliwasilisha kwa wanachama wenzake. Kumbukumbu za kikao zikaandika kwa ufupi kwamba katibu ametoa fuvu la binadamu, basi. Likawekwa, likasahauliwa.

Ikapita miaka minane. Mwaka 1856 vibarua wa machimbo ya chokaa kule Neander wakakutana na mifupa minene na sehemu ya juu ya fuvu lenye tuta zito juu ya macho. Wao walidhani ni mifupa ya dubu, lakini mwalimu wa shule wa eneo hilo, Johann Carl Fuhlrott, akaona tofauti. Mwaka 1864 mwanajiolojia William King akalipa kundi hilo la watu jina la kisayansi, Homo neanderthalensis, na bonde la Wajerumani likaingia katika kila kitabu cha shule. Fuvu la Gibraltar, lenye uso karibu mzima ambao lile la Ujerumani halikuwa nao kabisa, wakati huo ndiyo kwanza linafungashwa kupelekwa Uingereza.

Aliyelitoa kwenye usahaulifu alikuwa mkuu wa gereza. Frederick Brome alisimamia gereza la kijeshi la Gibraltar, na katika miaka ya 1860 aliwatumia wafungwa wake kuchimba mapango yaliyokuwa chini ya eneo la gereza. (Adhabu ya kuchambua mifupa ya faru na fisi wa kale sijawahi kuisikia mahali pengine.) Alichopata alikituma London kwa wataalamu wawili, George Busk na Hugh Falconer, na ni kwa mkono wake pia fuvu la Flint lilifika huko mwaka 1864. Falconer akalichukua hadi kwa Charles Darwin, aliyekuwa anaumwa, naye akalishika na kulitazama. Septemba mwaka huohuo Busk akalionyesha hadharani mbele ya wanasayansi waliokusanyika Bath. Falconer alitaka watu hao waitwe kwa jina la Calpe, ambalo ndilo jina la kale la mwamba, lakini King alikuwa amekwisha kumtangulia, na Januari 1865 Falconer akafariki.

Kwa haki, kuna fuvu jingine lililotangulia hata hilo: la mtoto, kutoka Engis, Ubelgiji, lililochimbuliwa karibu na mwaka 1830. Hilo lilikaa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kutambuliwa ni la nani. Kwa hiyo Gibraltar haikuwa peke yake katika kutoona kilichokuwa mezani.

Mwenye fuvu la Forbes' Quarry alikuwa mwanamke. Wataalamu waliliona hilo katika umbo la mifupa, na mwaka 2019 vinasaba vilivyotolewa kwenye mfupa wenyewe vikathibitisha.

Mlima uliopinduliwa

Mwamba wenyewe una urefu wa mita 426 na umesimama kwenye rasi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 6.8 tu, karibu nusu ya kisiwa cha Mombasa. Kwa mbali unaonekana mweupe-kijivu kwa sababu ni chokaa tupu, mabaki ya viumbe wa bahari walioishi katika enzi ya Jurasi, karibu miaka milioni 200 iliyopita. Bamba la Afrika liliposukumana na la Ulaya, matabaka hayo yaliinuliwa, yakakunjwa, kisha yakapinduliwa juu chini. Ndiyo maana anayepanda Gibraltar hupanda kuelekea zamani: mawe ya umri mkubwa yako juu, ya umri mdogo yako chini.

Chokaa huliwa na maji ya mvua. Mwamba huu umetobolewa mapango zaidi ya 150, mengine marefu, mengine ya kumtosha mtu mmoja kujibana mvua ikinyesha. Kinachofanya mapango hayo kuwa hazina ni kwamba mengi yalijazwa mchanga uliopeperushwa na upepo kutoka ufukweni, tabaka juu ya tabaka, na mchanga ukafunika kila kilichoachwa sakafuni. Katika pango la Gorham tabaka hizo zina kina cha mita 18 hivi.

Mtoto aliyepatikana na mwanamke wa Cambridge

Mwaka 1926, kando ya mnara wa zamani uitwao Devil's Tower, Dorothy Garrod alichimbua vipande vya fuvu la mtoto wa Kineandertali aliyekufa akiwa na umri wa miaka minne au mitano. Alikuwa wa kiume. Hilo nalo limethibitishwa na vinasaba. Garrod alikuwa kijana katika taaluma iliyojaa wanaume wenye ndevu, na ufunuo huo ulimfungulia njia. Mwaka 1939 akawa profesa wa kwanza mwanamke katika Chuo Kikuu cha Cambridge, wakati ambapo chuo hicho kilikuwa bado hakiwapi wanawake digrii kamili. Ilibidi Cambridge isubiri hadi 1948 kulisawazisha jambo hilo.

Msomaji wa pwani yetu huenda atamkumbuka mtoto mwingine. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, nalo la chokaa, nalo karibu na bahari, kulizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti wakampa jina la Mtoto, na habari zake zikachapishwa 2021. Yule wa Kilifi ni wa ukoo wetu, Homo sapiens, naye alilazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa, ndani ya shimo lililochimbwa kwa ajili yake. Kuhusu yule wa Gibraltar hakuna dalili ya kaburi: ni vipande vya fuvu na taya ndani ya mchanga.

Kapteni aliyeandika jina lake ukutani

Sasa tuingie kwenye pango lenyewe. Upande wa mashariki wa mwamba, pale jabali linapoporomoka moja kwa moja hadi majini, kuna mapango manne yaliyopangana: Bennett's, Gorham's, Vanguard na Hyaena. La pili lilipata jina mwaka 1907, pale Kapteni A. Gorham wa kikosi cha Munster Fusiliers alipojipenyeza kupitia ufa na kutokea ndani. Akafanya lile ambalo mwanajeshi mwenye taa na muda wa ziada hulifanya: akaandika jina lake na tarehe ukutani kwa masizi ya taa. Likaitwa la kwake tangu hapo.

Unapotazama picha, mawimbi yanapiga karibu na midomo ya mapango hayo, na ni rahisi kudhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Katika vipindi vya baridi kali, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilishuka hadi mita 120 chini ya ilipo leo, na ufuo ukarudi nyuma mpaka kilomita nne na nusu hivi kutoka pangoni. Mbele ya wakazi kulikuwa na uwanda wa mchanga wenye vidimbwi, miti ya msonobari iliyotawanyika, kulungu na mbuzi-mwitu. Uwanda huo sasa umezama. Mengi ya maisha ya watu wale yako chini ya meli zinazopita.

Walikula nini? Hapa ndipo Gibraltar ilipovunja fikra za wengi. Kwa miaka mingi Mneandertali alichorwa kama mla nyama wa barafuni anayemkimbiza mnyama mkubwa kwa rungu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha mabaki ya kome, samaki, pomboo na sili katika Gorham na Vanguard, na baadhi ya mifupa ya sili ina alama za visu vya mawe. Katika Vanguard kuna tabaka moja ninalolipenda kuliko mengine yote, kwa sababu linahusu mlo mmoja tu. Watu walikwenda mlangoni mwa mto wakaokota kome, wakawaleta pangoni, wakawatupia makaa ili makombe yafunguke, wakala. Walipokuwa wanakula, au baada ya kula, walichonga mawe yao hapohapo. Vipande vya mawe vimo ndani ya majivu. Kisha wakaondoka. Yeyote aliyewahi kuchoma chaza ufukweni anajua mbinu hiyo haijabadilika.

Ndege nao walikuwa mezani, hasa njiwa-mwitu wa majabalini. Lakini tai, mwewe, tumbusi na kunguru walikuwa na kazi nyingine: alama za kukata ziko zaidi kwenye mifupa ya mabawa, sehemu isiyo na nyama ya maana lakini yenye manyoya marefu na meusi. Kundi la watafiti likiongozwa na Clive Finlayson wa makumbusho ya Gibraltar lilihitimisha mwaka 2012 kwamba manyoya hayo yalikuwa ya kujipamba.

Halafu kuna mchoro. Ndani kabisa ya Gorham, juu ya jukwaa dogo la jiwe, kuna mistari minane mirefu iliyochimbwa ikikatana, na mingine mitano myembamba juu yake. Ilikuwa imefunikwa na tabaka ambalo halikuguswa, lenye zana za Kineandertali, hivyo umri wake unazidi miaka 39,000. Watafiti walijaribu kuchonga mistari kama hiyo kwenye mwamba wa aina ileile na wakakadiria kwamba kazi nzima ilihitaji kupitisha jiwe kati ya mara 188 na 317. Huwezi kuyafanya hayo kwa bahati mbaya ukiwa unakatakata nyama au ngozi. Maana yake ni nini, kila mtu ana lake. Mimi nitabaki na hesabu ya mipasuo, maana inatosha kuonyesha kwamba mtu alikaa pale akifanya jambo moja kwa makusudi.

Mwaka 2006 kundi hilohilo lilichapisha katika jarida la Nature tarehe zilizoleta ubishi ambao haujaisha: kwamba Waneandertali waliendelea kuishi Gorham hadi miaka 28,000 iliyopita, na pengine baadaye zaidi. Sehemu kubwa ya Ulaya walishatoweka karibu miaka 40,000 iliyopita. Wapinzani wanasema mkaa uliopimwa unaweza kuwa umechanganyika na wa tabaka za juu. Watetezi wanajibu kwamba kona hii ya kusini, yenye hewa ya wastani na chakula cha nchi kavu na cha baharini, ndiyo ingekuwa kimbilio la mwisho. Hata ukikataa tarehe za mwisho, yanabaki maelfu kwa maelfu ya miaka ya watu kurudi kwenye pango lilelile.

Mabaharia waliolipa kabla ya kutoka

Je, wajua kwamba pango hilo lilikuja kuwa mahali pa ibada? Kuanzia karne ya 8 kabla ya Kristo, Wafoinike, wale mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, walianza kuacha sadaka ndani ya Gorham. Waliofuata, wakiwemo Wakarthago, wakaendeleza desturi kwa mamia ya miaka. Wachimbaji wamekuta vyungu, vito, na hirizi za Kimisri zilizochongwa kwa umbo la dundu, pamoja na vipande vya uso wa Medusa uliofinyangwa kwa udongo, yule jini wa Wagiriki mwenye nyoka kichwani.

Ukiitazama ramani, sababu inaonekana. Mlango-bahari wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 hivi mahali palipo pembamba zaidi. Ndani yake kuna bahari inayofahamika, yenye bandari kila upande. Nje yake kuna Atlantiki. Wagiriki na Warumi waliuita mwamba huu, pamoja na mlima ulio ng'ambo upande wa Afrika, Nguzo za Herkule. Mpaka leo nguzo hizo mbili zimo kwenye nembo ya taifa la Hispania. Nahodha aliyekuwa karibu kuuvuka mpaka huo hakuona hasara kuacha kito kimoja pangoni. Wafoinike hawakujenga mji juu ya mwamba wenyewe. Makazi yao yalikuwa ng'ambo ya ghuba.

Jina la sasa lilikuja mwaka 711, Tariq ibn Ziyad alipovuka kutoka Afrika na jeshi lake: Jabal Tariq, jabali la Tariq. Tangu hapo mwamba haukupumzika na askari.

Kilomita 55 ndani ya jiwe

Waingereza waliuteka mwaka 1704 na kukabidhiwa rasmi kwa Mkataba wa Utrecht wa 1713. Wahispania na Wafaransa walipouzingira kati ya 1779 na 1783, Sajini Meja Henry Ince alianza kutoboa handaki kwa nyundo, patasi na baruti ili mzinga ufikishwe mahali pagumu upande wa kaskazini. Vumbi na moshi vilipowakaba, wachimbaji walitoboa tundu la kupitisha hewa, wakagundua kwamba tundu lenyewe ni dirisha zuri la kupigia mizinga. Wakaendelea kutoboa madirisha.

Katika Vita Kuu ya Pili kazi ikawa kubwa zaidi. Leo mahandaki yote yana jumla ya kilomita 55 hivi, marefu kuliko barabara zote za Gibraltar, na mawe yaliyotolewa ndiyo yaliyotumika kurefusha njia ya ndege hadi ndani ya bahari. Barabara kuu ya kuingia mjini ilikuwa inakata katikati ya njia hiyo ya ndege, magari yakisimamishwa kama kwenye reli, mpaka handaki la kupita pembeni lilipofunguliwa Machi 2023.

Pango la St Michael's, ambalo siku hizi watalii hukaa humo kusikiliza muziki, lilitayarishwa kuwa hospitali ya dharura, ingawa haikutumika. Mwaka 1942 wahandisi walipokuwa wanalipua jiwe ili kupata njia nyingine ya kutokea, ukuta ukafunguka na chini yake wakaliona pango jingine kamili lenye ziwa dogo.

Cha ajabu zaidi ni mpango wa siri ulioitwa Operation Tracer. Wanaume sita walikuwa tayari kufungiwa ndani ya mwamba, mlango ukizibwa kwa ukuta, wakae humo mwaka mzima au zaidi iwapo Wajerumani wangeiteka Gibraltar, wakichungulia meli kupitia nyufa na kutuma habari kwa redio. Umeme wangeupata kwa kukanyaga baiskeli, na mnyororo wake ulikuwa wa ngozi ili usipige kelele. Mshauri wao alikuwa George Murray Levick, daktari aliyewahi kunusurika majira ya baridi ya Antaktiki katika msafara wa mvumbuzi Robert Scott. Wajerumani hawakuja. Chumba kilizibwa, na wapenda mapango wa Gibraltar wakakipata mwaka 1997.

Na nyani? Wale wasio na mkia wanaonyakua mikate ya watalii ndio pekee wanaoishi huru Ulaya. Asili yao, kwa mujibu wa vinasaba, ni Moroko na Aljeria. Hadithi ya zamani ilisema walipita kwa njia ya siri chini ya bahari inayotokea pango la St Michael's. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliposikia idadi yao imeshuka wakati wa vita, aliagiza waongezwe. Kwa miaka mingi jeshi lilikuwa na ofisa maalumu wa kuwahudumia.

Wachimbaji wa leo

Mapango ya Gorham na majirani zake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tarehe 15 Julai 2016, katika kikao kilichofanyika Istanbul. Usiku uleule likaanza jaribio la mapinduzi nchini Uturuki, na kikao kikasimamishwa. Gibraltar ilikuwa imewahi kwa saa chache.

Uchimbaji wa sasa hauna baruti. Mwaka 2021 kundi la Finlayson lilitangaza kwamba nyuma ya pango la Vanguard wamefikia chumba chenye urefu wa mita 13 hivi, kilichozibwa na mchanga kwa angalau miaka 40,000. Juu ya sakafu palikuwa na mifupa ya fisi, ya tumbusi, na ya paka-mwitu aina ya linksi, pamoja na kombe la konokono wa baharini. Fisi huburuta mifupa, tumbusi huweza kuingia kufa. Konokono wa baharini hapandi mpaka huko kwa miguu yake, hivyo dhana iliyopo ni kwamba kuna mtu aliyelibeba. Mwaka 2024 wakaongeza jingine: katika pango hilohilo kuna shimo dogo la moto la miaka 60,000 hivi ambalo wanasema lilitumika kupasha moto mmea wa jamii ya sistasi na kupata lami ya kugandisha ncha za mikuki. Walijenga jingine la mfano wake, wakalifukia, wakawasha moto juu, na lami ikapatikana.

Anayetaka kuyaona mapango huyatazama kutoka jukwaa lililojengwa juu yake upande wa Europa Point, kwa kuwa ruhusa ya kushuka hutolewa kwa wachache. Sanamu za mwanamke wa Forbes' Quarry na mtoto wa Devil's Tower, zilizotengenezwa mwaka 2016 na kupewa majina ya Nana na Flint, ziko kwenye makumbusho ya mjini. Fuvu lenyewe la 1848 liko London, katika Makumbusho ya Historia ya Asili.